Mwanza ilikuwa na jeshi la vijana kabla ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa)? Wazee njooni mnisaidie na hii picha

#1 Mjukuu wa Igoma
Wakuu habari za jioni.

Tumemaliza arobaini ya babu hapa Igoma, jana tukawa tunapanga vitu vyake, kwenye sanduku la bati chini ya vyeti vya pamba na risiti za ushirika nikakutana na picha moja nyeusi na nyeupe. Nimeipandisha hapo chini ila imechakaa, kwa hiyo naielezea. Vijana kama ishirini na kitu wamesimama mistari mitatu, kaptula, wengi wapo peku, kila mmoja ana bunduki begani ila ukiikuza unaona kabisa ni za mbao. Wa mbele kashika ubao wenye herufi moja kubwa T, zilizobaki zimekatika na ukingo wa picha. Kulia kuna jamaa kavaa ngoma kubwa ya kubebwa tumboni. Nyuma yao mawe, ziwa, na meli ina bomba la moshi refu. Nyuma ya picha kuna mwandiko wa kalamu ya wino: "Nyamagana 7/7". Mwaka hakuna.

Babu ni wa tatu kutoka kushoto, mstari wa mbele, huyo mwenye kifua mbele.

Sasa baba mdogo anasema hilo lilikuwa jeshi la vijana la Mwanza, lilikuwepo kabla ya JKT, na serikali iliiga JKT kutoka hapo. Mimi nimemuamini na nalisema hadharani: JKT imezaliwa Mwanza. Anayebisha abishe kwa hoja.

#2 Dagaa Mkavu
Ngoja nitandike mkeka kabisa. Ila kwa kuanzia hao ni skauti, kaptula, mistari, ngoma. Kesi imeisha, tuleteeni chai.

#3 Furu
Dagaa Mkavu skauti na bunduki wapi na wapi? Skauti ana fimbo, ana skafu, ana kofia. Hao hata skafu hawana. Au ulikuwa skauti wa wapi wewe.

#4 Afande Mstaafu
Kijana pole na msiba.

Baba mdogo wako anakupiga kamba ila kamba yenyewe ina nyuzi mbili tatu za kweli. JKT imezinduliwa tarehe 10 Julai 1963, Dar es Salaam, kambi ya Mgulani, na walianza vijana 11 tu. Wazo lilitoka kwa vijana wa chama, TANU Youth League, walilipitisha kwenye kikao chao Aprili mwaka huo huo. Kwa hiyo ukisema JKT ilitoka kwenye vijana waliokuwa tayari wanapiga kwata mitaani huko mikoani hujakosea sana, lakini kusema imeigwa Mwanza, hapana. Mfano wenyewe ulitoka Israeli. Wenzetu kule walikuwa na Nahal, askari anayelima na kulinda mpaka, na walikuwa na Gadna, hii ndiyo ya watoto wa shule wanaofundishwa ukakamavu kabla hawajafika umri wa jeshi. Waisraeli wakaja kusaidia kuanzisha ya kwetu. Jembe na bunduki kwenye kambi moja, ndio hiyo hiyo.

Halafu bunduki ya mbao usiidharau. Mimi nimepita Rwamkoma kule Mara miaka ya 80, wiki za mwanzo hamgusi chuma, mnapewa gogo. Ukiliangusha unalala nalo kitandani kama mke. Kuna jamaa wetu mmoja alilala nalo wiki mbili, mpaka tukamwambia alipe mahari.

#5 Mjukuu wa Igoma
Shikamoo afande. Kwa hiyo ile T ni TANU? Na 7/7 si ndiyo Sabasaba yenyewe ya kuzaliwa TANU? Mbona inajipanga vizuri tu, babu alikuwa Youth League.

#6 Ng'wana Magu
T inaweza kuwa TANU, Tanganyika, Tanzania, Tabora, Timu, au Tangawizi. Tulia kwanza bhebhe.

#7 Mchimba Mafaili
Niongeze kidogo kwenye hoja ya Sabasaba maana watu wengi wa Mwanza wenyewe hawalijui hili. TANU imezaliwa 7 Julai 1954, sawa. Lakini huku Kanda ya Ziwa mkoloni alikipiga marufuku chama mwishoni mwa 1954 hiyo hiyo, marufuku ikakaa mpaka 1958. Usukuma mzima huwezi kufungua tawi. Watu walikuwa wanafanya siasa kupitia ushirika wa pamba, akina Paul Bomani na Victoria Federation. 1958 ndio mwaka ule watu wa Geita walichoka na ile halmashauri ya mchanganyiko wa Waafrika, Waasia na Wazungu wakatembea kwa maelfu mpaka Mwanza mjini kwenda kulalamika wakaishia kupigwa mabomu ya machozi.

Kwa hiyo hiyo picha kama kweli ni gwaride la TANU siku ya Sabasaba hapa Mwanza, basi haiwezi kuwa ya 1955, 56 wala 57, labda wawe walipanga mistari porini. Kuanzia 1959 ndio unaweza kulala usingizi.

#8 Dagaa Mkavu
Hapa ndio napendea humu, mtu kaleta picha ya babu yake tunamletea mabomu ya machozi.

#9 Bi Mkubwa Nansio
Wanangu hamjambo. Mimi ni mtu wa Ukerewe, ni bibi sasa, simu hii nimefundishwa na wajukuu, msinicheke nikikosea.

Hao ni chipukizi, watoto wa chama. Nawaambia kwa sababu mimi nimekuwa chipukizi miaka ya 70 mwanzoni nikiwa darasa la tatu mpaka nimemaliza la saba. Tulikuwa tunaamshwa alfajiri mchakamchaka, tunarudi miguu imejaa umande tunapanga mistari tunakaguliwa kucha na nywele, halafu mguu sawa, mguu pande, nyuma geuka. Bunduki zetu tulichongewa na fundi mitumbwi pale mwaloni, zile mbao zinazobaki akishapasua za mtumbwi, ndio maana zetu zilikuwa nzito na zina harufu ya lami. Mwalimu alimlipa kwa kumpelekea watoto wa kumsaidia kuvuta mtumbwi majini. Tulizibeba Sabasaba na siku Mwenge unapita. Shati lilikuwa la kijani. Wasichana na wavulana wote tulibeba, sio kama mnavyodhani.

Chama kilipobadilika kikawa CCM, ile Februari 1977, chipukizi waliendelea ila mimi nilikuwa nimeshakuwa mkubwa.

#10 Furu
Shikamoo bibi. Tatizo picha haina rangi, kijani tutakijuaje. Na hakuna msichana hata mmoja hapo.

#11 Bi Mkubwa Nansio
Marahaba mwanangu. Labda wasichana walikuwa wanapika.

#12 Dada wa Bwiru
Bibi kamaliza yote hapo mwisho, miaka haijabadilika.

Ila mimi naomba tuangalie meli jamani, hakuna anayeiongelea. Marehemu baba alikuwa mtu wa bandari, nimekulia kwenye hizo hadithi. Hiyo sio MV Victoria kwa umbo lile, Victoria imeanza kazi 1961 na ni meli ya kisasa kidogo. Hiyo yenye bomba refu jembamba ni meli ya mvuke, zile za zamani za shirika la reli, Usoga au Rusinga, zilizoletwa karibu na kipindi cha Vita ya Kwanza ya Dunia.

#13 Mjukuu wa Igoma
Dah! Kwa hiyo picha ni ya zamani zaidi? Kabla ya uhuru?

#14 Dada wa Bwiru
Hapana usikimbilie huko, hizo meli zilizeeka humu ziwani, Usoga ilikuwa bado inafanya kazi miaka mingi baada ya uhuru. Meli inakuambia tu kwamba picha ni ya ziwani. Haikuambii mwaka.

#15 Jiwe Juu ya Jiwe
Samahani, ila kuna kitu hakiingii akilini. Nyuma imeandikwa Nyamagana. Nyamagana ni uwanja wa mpira katikati ya mji. Ukisimama Nyamagana unapiga picha utaona maduka ya Wahindi na paa za bati, hiyo meli utaionaje labda mpiga picha awe kapanda mwembe. Hapo mimi naona ni upande wa Capri Point au kule Bwiru.

#16 Dagaa Mkavu
Nyamagana si wilaya? Inafika mpaka ziwani.

#17 Jiwe Juu ya Jiwe
Wilaya ya Nyamagana ni ya juzi tu mzee, babu yake kijana hakuwa nabii. Zamani ukisema Nyamagana ni uwanja basi.

#18 Mchimba Mafaili
Inawezekana kabisa gwaride lilikuwa Nyamagana na picha wakaenda kupigia ziwani, mpiga picha yeyote wa Mwanza mpaka leo akikuona umependeza anakupeleka kwenye mawe. Hiyo haizuii kitu.

#19 Lakeside ya Kisumu
Wadau wa ng'ambo hiyo ya ziwa, salamu kutoka Kisumu. Hii story imenikumbusha. Huku Kenya wakati wa mbeberu kulikuwa na kadeti wa ukweli kwa shule, lakini zilikuwa shule za wazungu kama Prince of Wales kule Nairobi. Wao walikuwa wanafunzwa na bunduki halisi, watoto wa settla, maana walikuwa wanaandaliwa kwenda Kenya Regiment. Mwafrika hangeonyeshwa bunduki akiwa shule, angefunzwa kufyeka. Tulipopata uhuru ndio ikaja National Youth Service 1964, mwaka mmoja tu baada ya yenu. Sasa swali langu, kwani Mwanza hakukuwa na shule ya wazungu yenye kadeti, halafu hawa vijana wakaiga na mbao?

#20 Afande Mstaafu
Mgeni karibu. Hilo la Mwanza sijawahi kulisikia, ila hilo neno lako naomba tulinyooshe maana vijana wanalichanganya. Kwetu ukisema kadeti jeshini unamaanisha afisa mwanafunzi, yule anayesota chuo cha maafisa Monduli ili atoke na nyota. Mtoto wa shule anayepiga kwata kwetu kwa kawaida haitwi kadeti, ameitwa skauti, chipukizi, mgambo wa shule, halaiki, kila zama na jina lake. Ndio maana ukitafuta historia ya kadeti Tanzania hupati kingi, sio kwamba hawakuwepo.

#21 Mtoto wa Handaki
Nimesoma kimya kimya toka juu nikashindwa kuvumilia.

Hao ni mgambo wa shule wa wakati wa vita, 1978 mpaka 79. Najua kwa sababu nilikuwepo, nilikuwa darasa la sita hapa mjini. Amin alipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba na Mwalimu Nyerere akatangaza vita mwanzoni mwa Novemba, shule yetu ilibadilika ndani ya wiki moja. Asubuhi hesabu, mchana handaki. Tulichimba mahandaki nyuma ya vyoo, na hii Mwanza ilivyo mawe matupu unachimba unakutana na jiwe unahama unachimba unakutana na jiwe, handaki letu lilikuwa limepinda kama nyoka kaumwa tumbo. Usiku taa hakuna, mama anapika ameziba dirisha na blanketi. Wakubwa wa darasa la saba walipewa bunduki za mbao wakawa wanalinda geti la shule, wanakuuliza nani wewe, na unajibu kwa heshima ingawa jana mlikuwa mnagombania embe.

Halafu ndege ya Amin ikaja kupiga bomu, likaanguka kisiwani Saanane. Mlio ule sijausahau. Mwalimu wetu wa zamu alikuwa wa kwanza kuingia handakini, watoto tukamkuta humo.

#22 Dagaa Mkavu
Huyo mwalimu alikuwa anakagua usalama, msimseme.

#23 Mchimba Mafaili
Mtoto wa Handaki ushuhuda mzito sana huu, ila turekebishe kidogo, ile haikuwa ndege ya Amin. Ilikuwa ndege ya Libya, Tupolev 22, Gaddafi ndiye aliituma kumsaidia rafiki yake, mwishoni mwa Machi 1979 majeshi yetu yakiwa yanaelekea Kampala. Walilenga matangi ya mafuta ya Mwanza wakakosa, bomu likatua hifadhini Saanane likaua swala. Siku chache baadaye, Aprili 11, Kampala ikaanguka.

Na kuhusu mgambo, haikuanza na vita. Amin alipompindua Obote Januari 1971, TANU ikatoa Mwongozo mwaka huo huo na ndani yake lilikuwemo suala la kuwapa wananchi mafunzo ya ulinzi, wasiachiwe wanajeshi peke yao. Kwa hiyo kuanzia 1971 unakuta mgambo viwandani, vijijini, vyuoni. Picha inaweza kuwa ya mwaka wowote hapo katikati.

#24 Mtoto wa Handaki
Sawa ndugu nimekubali, sisi tulikuwa chini ya ardhi hatukuona bendera.

#25 Furu
Mtoto wa Handaki, vita imeisha 79. Babu wa mtoa mada huyo wa tatu kushoto hapo anaonekana ana miaka 17, 18. Mtoa mada, babu kafariki na miaka mingapi?

#26 Mjukuu wa Igoma
Kwa makadirio 83. Mwaka wa kuzaliwa mwenyewe alikuwa anausema kwa njaa na nzige.

#27 Furu
Basi toa mgambo wa 78, toa chipukizi wa bibi wa Nansio. Babu yako mwaka 1978 alikuwa mtu mzima ana watoto. Hesabu inaturudisha mwishoni mwa miaka ya 50 au mwanzoni mwa 60.

#28 Ng'wana Magu
Sasa nimengoja mmalize kubishana niwaambie ukweli. Wangaluka wote mliochelewa.

Hao sio jeshi. Hao ni ngoma.

Angalieni ile ngoma ya tumboni, angalieni yule wa mwisho kulia mguu wake, hajasimama mguu sawa, kakunja goti. Anacheza yule. Wasukuma tuna makundi mawili ya ngoma toka zamani, Bagika na Bagalu, na msimu wa mashindano ni baada ya mavuno, kuanzia Juni mpaka Agosti. 7/7 ipo katikati kabisa! Sasa wazee wetu waliokwenda Keya, lile jeshi la mkoloni (King's African Rifles), wakapigana Uhabeshi, Madagaska, Burma, waliporudi baada ya 1945 walirudi na vitu viwili, kikoti cha jeshi na kwata. Kwata ikaingia kwenye ngoma. Na sio Usukuma tu, pwani nzima na bara walicheza beni, tarumbeta, vyeo vya kijeshi, kuna jenerali, kuna kapteni, wote raia wakulima. Bunduki za mbao ndio pambo lenyewe. Lengo ni kumshangaza mpinzani mpaka watazamaji wamkimbie waje kwako.

Na hata bila Keya, vijana wa kijiji cha Kisukuma walikuwa na chama chao, elika, kina kiongozi wake nsumba ntale, wanaitwa kulima shamba la mtu kwa pamoja, wana nidhamu na faini. Ukichelewa unatozwa. Baba mdogo akisema jeshi la vijana la Mwanza inawezekana alisikia wazee wanasema elika akatafsiri anavyojua.

#29 Dada wa Bwiru
Hii naipenda kuliko zote. Bujora pale Kisesa makumbusho yana vifaa vya ngoma kibao, mtoa mada peleka picha uwaulize.

#30 Afande Mstaafu
Ng'wana Magu unanivunjia heshima, jeshi langu lote unaligeuza ngoma.

#31 Ng'wana Magu
Afande, kwata si ngoma isiyo na nyimbo? Halafu mnazo nyimbo, chenja mnaimba nyie kuliko bendi.

#32 Afande Mstaafu
Hahaha haya, hilo nimelipokea.

Lakini ngoja niweke hoja yangu ya mwisho maana Furu kaweka hesabu nzuri. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambi ya Colito, Dar, kesho yake na Tabora ikawaka. Walikuwa wanadai mshahara na maafisa wa Kiingereza waondoke. Mwalimu akalazimika kuwaita hao hao Waingereza waje kutuliza, aibu iliyomuuma sana. Baada ya hapo jeshi lile likavunjwa karibu lote na likaundwa jipya, JWTZ, tarehe 1 Septemba 1964. Sasa askari wapya walitoka wapi? Vijana wa TANU Youth League na JKT. Waliotakiwa ni vijana ambao chama kinawajua. Kwa hiyo katikati ya Februari na Agosti 1964 huko mikoani kuna vijana wanapangwa mistari wanaangaliwa nani anafaa. 7 Julai 1964 ingeangukia hapo hapo. Peku, kaptula, mbao, T ya TANU. Babu yako ana miaka ishirini na kitu. Mimi ningeweka pesa yangu hapo.

#33 Jiwe Juu ya Jiwe
Afande umenishawishi mpaka nikakumbuka meli. Ukikagua vijana wa jeshi unawapeleka kupiga picha na meli?

#34 Afande Mstaafu
Kijana wa miaka 20 ukimwambia anaenda jeshini atapiga picha na chochote.

#35 Form Six Leo
Samahanini wakubwa naona humu kuna maafande. Mimi nimepangiwa JKT Rwamkoma kwa mujibu wa sheria, ile ya lazima baada ya Form Six, ni kweli kule kuna baridi? Na nibebe nini, maana orodha naisikia tu.

#36 Dagaa Mkavu
Beba gogo lako la kulala nalo.

#37 Dada wa Bwiru
Mdogo wangu usiwasikilize. Bukta ya bluu inayofika magotini, tisheti ya kijani, raba za kukimbilia, shuka mbili za bluu bahari, soksi nyeusi, tracksuit, na nauli ya kurudi ifiche mbali na mwenyewe. Miezi mitatu inaisha. Shukuru hukumaliza Form Six kati ya 1994 na 2013, wenzako wa kipindi hicho ilisitishwa wakabaki wanawasikia tu kaka zao wakihadithia, mpaka leo wana kinyongo.

#38 Mchimba Mafaili
Na shukuru hukuwa chuo kikuu 1966. Serikali ilipoleta sheria ya kuwalazimisha wasomi waende JKT, na sehemu kubwa ya mshahara wao ikatwe, wanafunzi wa Dar waliandamana tarehe 22 Oktoba mpaka mbele ya Mwalimu. Aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu mia nne, na mshahara wake mwenyewe akaupunguza kwa asilimia 20.

#39 Form Six Leo
Asanteni. Mimi naenda tu, siandamani.

#40 Skauti wa Kweli
Nimechelewa ila naona mmemuonea Dagaa Mkavu toka post namba 3. Skauti Tanganyika imeanza enzi ya Mwingereza na aliyeibuni duniani alikuwa jenerali, Baden-Powell, kwa hiyo damu ya jeshi ipo. Shule moja ya misheni niliyosoma, siitaji, mwalimu wa skauti alikuwa Keya mstaafu na fimbo zetu alizichonga kitako kama cha bunduki kwa sababu ndicho alichokijua kufundisha. Kamishna alipokuja kututembelea tulizificha bwenini tukapewa fimbo za ufagio. Sasa nani anasema skauti hawezi kuonekana na bunduki ya mbao?

#41 Dagaa Mkavu
ASANTE. Nilisema toka mwanzo kesi imeisha. Furu njoo uombe radhi.

#42 Furu
Skafu iko wapi?

#43 Dagaa Mkavu
Labda wasichana walikuwa wanazifua.

#44 Bi Mkubwa Nansio
Mwanangu hapo umeniiba maneno.

#45 Mjukuu wa Igoma
Wakuu samahani nilipotea, mtandao wa Igoma mnaujua. Nimerudi na mpya na naomba mkae chini.

Leo nimempelekea bibi ile picha, mke wa marehemu, yeye anakaa kwa shangazi Kirumba. Macho hayaoni vizuri ila nikaweka picha ya kwenye simu nikaikuza. Akacheka mpaka akakohoa. Nikamuuliza bibi hii Nyamagana 7/7 maana yake nini, akasema huo mwandiko ni wangu. WAKE YEYE. Anasema siku ya Sabasaba alikwenda Nyamagana kuangalia ngoma na hotuba na mashosti zake, babu akamfuata akampa hiyo picha kama zawadi, ndio wanaanza urafiki. Akaandika nyuma mahali na siku aliyopewa asisahau. Picha ilipigwa wapi na lini hajui, babu alikuja nayo tayari mfukoni.

Nikamuuliza mwaka gani, akasema mwaka ule bei ya pamba ilikuwa nzuri.

#46 Mchimba Mafaili
Kwa hiyo Sabasaba yangu yote, marufuku ya 1954, watu wa Geita, vyote nimeviweka kwenye tarehe ya kutongozana?

#47 Jiwe Juu ya Jiwe
Nilisema Nyamagana huoni meli. NILISEMA.

#48 Mjukuu wa Igoma
Haijaisha. Nikamwambia bibi, si babu huyu hapa wa tatu kushoto, kifua mbele? Bibi akasema huyo siye. Huyo ni mdogo wake babu, aliyefia Tabora zamani sana sisi hatukumjua. Babu mwenyewe hayumo kwenye picha kabisa. Anasema siku ile Nyamagana babu alimuonyesha kidole akamwambia "huyu ni mimi, tupo jeshini", yeye akaamini kwa sababu wanafanana na jua lilikuwa kali, akagundua baada ya ndoa siku shemeji alipokuja kusalimia. Nikamuuliza sasa huyo shemeji alikuwa jeshi gani, akasema hakuwahi kumuuliza, alikuwa na hasira naye kwa kufanana na kaka yake.

#49 Ng'wana Magu
Tabora! Ile T!

#50 Afande Mstaafu
Tabora kulikuwa na kikosi cha pili cha Tanganyika Rifles.

#51 Skauti wa Kweli
Tabora kulikuwa na skauti wengi sana kwenye zile shule.

#52 Dada wa Bwiru
Tabora hakuna ziwa wala meli jamani.

#53 Furu
Hesabu yangu ya umri nairudia upya, mdogo wake babu alikuwa amepishana naye miaka mingapi?

#54 Mjukuu wa Igoma
Bibi kalala. Nitamuuliza kesho akiamka na hali nzuri.

#55 Dagaa Mkavu
Muulize na shemeji alikuwa na skafu.